Swali la Ugoro

Mzee Ndolo alikuwa na pua ambayo kanisa zima liliiogopa. Watu wa Kilungu walitania kwamba angeweza kukaa zake mbele ya madhabahu akanusa pombe iliyonywewa Malili juzi. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, na kwa muda mrefu ndiye aliyesimamia kamati ya nidhamu, ile inayoamua nani ameanguka dhambini na atakaa kiti cha nyuma kwa miezi mingapi. Kiti cha nyuma ni benchi la mwisho karibu na mlango. Ukiwekwa hapo huimbi kwaya, huombi kwa sauti, na Meza ya Bwana inapopitishwa inakuruka kana kwamba hapo hapana mtu.

Miaka miwili iliyopita pua hiyo ilimkamata Nzilani, mjane anayelima ng'ambo ya kijito kutoka kwa Ndolo. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Nzilani alikuwa ameketi viti vitatu nyuma ya wazee. Ndolo aligeuka, akavuta hewa, akageuka tena. Baada ya ibada kiondo cha mjane kilifunguliwa mbele ya kamati, na ndani ya leso kikapatikana kikopo cha ugoro. Akapewa miezi sita. Hakubisha wala hakulia. Aliikaa yote, Jumapili kwa Jumapili, hata zile za mvua, akamaliza, akarudi kiti chake.

Hapa ndipo ninapotamani kumshika Mzee Ndolo mkono na kumketisha chini. Maana siku ile anasimama kumhukumu Nzilani, mke wake mwenyewe, Wavinya, alikuwa upande wa akina mama na ugoro chini ya ulimi. Na Ndolo alijua. Alikuwa amejua kwa miaka saba.

Ugoro ulianza kama dawa. Gego la chini la Wavinya lilivunjika kwa kuuma jiwe lililojificha ndani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, likamuuma siku tatu mchana na usiku. Mama yake alikuja kutoka Kambu kumwona, akafungua pembe yake ndogo, akatoa ugoro uliosagwa na magadi, akasema, "Weka hapa, jino litanyamaza." Ndolo alikuwa kwenye kizingiti akivua viatu vya shamba. Aliona. Akajiambia kuwa dawa ni dawa, na mtu akiumwa haulizwi sana. Jino likanyamaza kweli. Tatizo ni kwamba Wavinya hakuacha.

Wanawake wengine wa ugoro huuweka nyuma ya mdomo wa chini, na mdomo unafura, kila mtu anaona. Wavinya alikuwa mke wa mzee wa kanisa. Yeye aliuweka chini kabisa ya ulimi, mahali ambapo jicho halifiki, na kwa sababu mtu mwenye ugoro chini ya ulimi hawezi kusema sana, alisema kidogo. Kanisa likamsifu. Vijana waliooana waliambiwa waige upole wa Mama Nduku, kama walivyomwita Wavinya kwa jina la binti yake, mwanamke asiye na maneno. Ndolo alikuwa akizisikia sifa hizo na kutazama viatu vyake.

Je, angefanya nini? Angeuliza, angejibiwa. Akijibiwa, ingembidi amwite mke wake mbele ya kamati, kama alivyowaita wake za wenzake. Kwa hiyo hakuuliza. Siku moja, akitafuta mbegu za kunde stoo, mkono wake uligusa kikopo nyuma ya debe. Akakishika kidogo, akakirudisha palepale, mfuniko ukiangalia upande uleule. Alijifundisha kutojua, na hiyo ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa maana lazima uifanye kila siku, na kila jioni unapolala karibu na mtu.

Kidonda kilianza mwezi wa kwanza mwaka huu. Kwanza Wavinya aliacha pilipili. Kisha akaacha chai ya moto, akawa anaingoja ipoe mpaka inapata utando. Kisha Ndolo akamwona nyuma ya nyumba akisukutua kwa maji ya chumvi huku amefumba macho na machozi yanamtoka.

"Ni nini, Mama Nduku?"

"Ni joto tu. Nimekula machungwa mingi."

Machungwa yalikwisha mashambani, kidonda hakikwisha. Mwezi wa tatu Ndolo alimpeleka dispensari, na tuseme haki, alimpeleka kwa upendo. Alimshikia mwavuli njia nzima, yeye mwenyewe akalowa bega.

Daktari wa zamu alikuwa Mulinge, kijana makini asiye na haraka. Alimkalisha Wavinya kwenye mwanga wa dirisha, akamwambia anyanyue ulimi, akamulika kwa tochi. Chini ya ulimi, upande wa kushoto, palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na katikati yake kidonda chekundu kidogo. Karibu na hapo kulikuwa na kile kisiki cha gego, kina ncha kali.

"Imekaa muda gani?" akauliza.

"Kama miezi mbili," Ndolo akasema.

"Mzee, vitu zinaleta kidonda hapa chini ni mingi," Mulinge akasema huku akizima tochi. "Inaweza kuwa hii jino, imevunjika inakwaruza ulimi kila akikula. Inaweza kuwa damu kidogo, ama kukosa vitamini. Kuna ukungu wa mdomo. Kuna mate kuziba kwa njia yake, hiyo inafura kama puto. Nyingi haina shida, ukitoa chanzo inapona yenyewe." Kisha akamgeukia Wavinya, akashusha sauti kwa heshima. "Mama, unatumia tumbako? Ugoro, ama sigara, ama muguka ya kutafuna? Usiogope, mimi sio kanisa."

Wavinya alifungua mdomo. Ndolo anaukumbuka mdomo ule mpaka leo, midomo miwili ikiachana polepole. Lakini kabla ya kusema alimtazama mumewe, na Ndolo akaona jinsi atakavyosema, na akaona kamati, na kiondo cha Nzilani juu ya meza, na watu wakicheka njiani. Akajibu yeye.

"Sisi tumeokoka, daktari. Nyumba yetu haijui hizo vitu."

Wavinya akafunga mdomo. Mulinge akaandika.

Alichoandika kilifuata alichoambiwa. Kama hakuna tumbako, basi mshukiwa ni jino. Kisiki kikang'olewa siku ileile, wakapewa dawa ya kusukutua. Walipokuwa wanatoka Mulinge aliwafuata mpaka mlangoni. "Wiki mbili, mzee. Kidonda ya mdomo ikipita wiki mbili na chanzo imetolewa, hiyo si ya kukaa nayo nyumbani. Mrudishe, nitamtuma mbele wamkate kipande kidogo wapime."

Wiki mbili zikapita. Kidonda kilikuwa palepale, na sasa kingo zake zilikuwa zimeinuka. Ndolo alihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, akafika ya kumi na nne, akafika ya ishirini. Hakumrudisha. Usimwone mjinga. Alijua kwamba kule dispensari kuna swali linalomngoja, na safari hii Mulinge angemtoa nje ya chumba kabla ya kuliuliza.

Badala yake alimpeleka kanisani. Wiki hiyo palikuwa na mkutano wa maombi, mhubiri mgeni, watu wamejaa mpaka chini ya mikaratusi. Wavinya aliitwa mbele. Wazee wakamwekea mikono, Ndolo naye akauweka wake juu ya kichwa cha mke wake, akaomba kwa sauti kuliko wote. Maombi yalipokwisha mhubiri akamsogezea kipaza sauti. "Mama, unajisikiaje sasa?"

Unafikiri mtu hujibu nini hapo? Watu mia tatu wamesimama, wamekuombea mpaka jasho limewatoka, mumeo analia kando yako. Wavinya akasema, "Bwana amenigusa. Ninasikia nafuu." Kanisa likalipuka kwa nyimbo. Na tangu siku hiyo Wavinya hakuweza tena kulalamika, kwa sababu kulalamika kungekuwa kumfanya Mungu mwongo, na mzee wa kanisa pia. Alikuwa na kidonda ambacho kilishapona mbele za watu.

Ndolo alilifurahia lile neno "nafuu" kama mtu aliyetupiwa kamba shimoni. Kila alipoona mkewe ameacha chakula nusu, alilikumbuka. Kila aliposikia maneno yake yakianza kutelezana, "r" ikikataa kutoka, alijiambia ni kwa ajili ya jino lililong'olewa. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Wavinya alikuwa anakunywa uji tu, na leso aliyokuwa akijifunga kiunoni ilizunguka mara mbili pale ilipokuwa ikizunguka mara moja. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema chochote kuhusu anayefichiwa na anajua.

Mwezi wa tisa, Jumamosi asubuhi, Nzilani alivuka kijito. Hakuwa amekanyaga boma hilo tangu siku ya kiondo. Ndolo alikuwa anapalilia michungwa michanga, akainua mgongo, akamwona amesimama kwenye ukingo wa shamba, amekunja mikono kifuani.

"Bwana asifiwe, Nzilani."

"Mzee, mimi leo sijaleta salamu. Nimetoka kwa mkeo, yuko huko kisimani na hawezi kuinua mtungi. Nimemwambia afungue mdomo. Wewe umewahi kuangalia hiyo mdomo?"

Ndolo akakung'uta udongo kwenye jembe.

"Ugoro yake ni mimi nilikuwa nampea," Nzilani akasema. "Nimekuja kusema mwenyewe, usinitafute na kamati. Aliniomba wakati niko kiti cha nyuma, alikuwa ananipitia kunisalimia wakati nyinyi wote mmenikataa, na mimi singemnyima. Tangu nione hiyo kidonda mwezi wa nne nimekataa kumpea, na yangu nimemwaga chooni. Nimemwambia aende hospitali mpaka nimechoka. Anasema akienda wataandika ugoro, na wewe utajua, na utakufa na aibu. Anakuhurumia wewe, mzee."

"Sikujua," Ndolo akasema.

Ni uongo mwepesi, neno moja tu kwa Kiswahili chake cha kila siku, na alikuwa ameuzoea. Lakini Nzilani alimtazama muda mrefu sana, mpaka Ndolo akaona jembe limekuwa zito mkononi.

"Yangu uliinusa kwa viti tatu," mjane akasema. "Na huyo mnalala naye."

Akageuka akarudi alikotoka. Ndolo alibaki pale katikati ya miche, aibu imemshika. Haikuwa aibu ile aliyoiogopa miaka yote, ya kuchekwa njiani. Hii ilikuwa ya peke yake, haikuhitaji watazamaji. Aliacha jembe limelala, akaenda kisimani, akamkuta Wavinya amekaa juu ya jiwe na mtungi uliojaa kando yake. Akauchukua mtungi. Alipofika nyumbani alimpigia simu binti yao Nduku, mwalimu aliyeolewa Kitui, akamwambia, "Mama yako ni mgonjwa sana. Tafuta daktari wa mdomo, tunakuja kesho kutwa."

Daktari wa mdomo kule Kitui mjini alikuwa mwanamke, Daktari Sauda, mzaliwa wa Mwingi, amejifunga hijabu ya kijani kibichi na anasema Kikamba kumshinda hata mjukuu wa Ndolo. "Mwaitu, kaa hapa," alimwambia Wavinya, akimwita mama kwa Kikamba, akamshika kiwiko kama mama yake mzazi. Nduku akasimama dirishani. Ndolo akapewa kiti karibu na mlango.

Daktari hakutumia tochi peke yake. Alivaa glavu, akaingiza kidole chini ya ulimi, akabonyeza taratibu pande zote za kidonda, kisha akapapasa chini ya taya na shingoni. Wavinya alikaza mikono kwenye kiti. Uso wa daktari haukubadilika, lakini aliacha kuongea, na Ndolo akaelewa.

"Nitawaambia wazi," Daktari Sauda akasema alipovua glavu. "Kidonda cha kawaida ni laini pembeni. Hii ina kingo ngumu kama mpira, na ulimi umeanza kushikana na chini. Hapa shingoni kuna tezi imevimba, ngumu. Siwezi kusema jina yake mpaka tukate kipande kipimwe. Lakini siipendi. Sasa ninataka kujua chanzo, kwa sababu chanzo kinabadilisha vile ninaangalia mdomo wote." Akavuta fomu. "Mwaitu, umewahi kutumia tumbako?"

Wavinya akainua macho. Hakumtazama daktari, alimtazama Ndolo, vilevile kama siku ya dispensari, akingoja kuona atajibiwaje. Alikuwa tayari hata sasa kuwa mke wa mtu asiyejua. Nduku alikuwa anatikisa kichwa, anaanza kusema, "Hapana daktari, hao ni watu wa—"

"Anatumia," Ndolo akasema.

Nduku akageuka. Daktari akainua kalamu.

"Ugoro. Ya magadi. Anaweka chini ya ulimi, hapo hapo." Aliiweka mikono juu ya magoti. "Dispensari waliuliza, mwezi wa tatu. Nikasema hatutumii. Ni mimi nilisema, si yeye."

"Kwa muda gani ametumia?"

"Miaka tisa," akasema Ndolo. "Tangu ile jino ivunjike. Mama yake alimpea, mimi nikiwa mlangoni."

Alipokwisha kusema ndipo alipoona alichofanya. Hakuna aliyemwambia miaka tisa. Nzilani hakuitaja. Wavinya aliigeuza shingo yake yenye maumivu polepole kabisa, akamkazia macho mumewe, na kitu usoni pake kikaondoka, kile kitu ambacho kwa miezi tisa kilikuwa kinamhurumia.

Daktari Sauda aliandika. Hakumkemea, na hilo lilimuuma Ndolo kuliko kukemewa. Alieleza tu, kwa sauti ya kazi, kwamba ugoro na magadi huichoma ngozi ya mdomo polepole, na kwamba mahali unapowekwa kila siku ndipo doa jeupe huota. Doa hilo likionekana mapema huondolewa kwa mkasi mdogo na mtu anakunywa chai jioni ileile. "Mwezi wa tatu pengine lilikuwa hivyo," akasema, "na pengine halikuwa. Siwezi kujua." Ndolo aliling'ang'ania hilo "pengine" la pili, kisha akajiona anavyoling'ang'ania, akaliachilia.

Wavinya alichomwa ganzi, kipande kikakatwa, wakaambiwa wangoje nje. Nduku alikwenda kutafuta dawa. Mume na mke waliketi kwenye benchi la simiti, kivuli cha jengo kimewafunika mpaka magotini. Wavinya alikuwa na pamba mdomoni. Aliitoa, akaikunja ndani ya leso.

"Ulijua," akasema. Maneno yalitoka yamepondeka, lakini alieleweka.

"Nilijua."

"Miaka tisa natafuna majani ya mchungwa kila jioni, usisikie harufu." Akapumzika, akameza mate kwa shida. "Unajua vile hayo majani ni machungu?"

Ndolo aliitazama leso. Alikuwa amesikia harufu ya majani hayo kila usiku, na akafikiri ni uzuri kwamba anajificha vizuri.

"Ungeniuliza," Wavinya akasema. "Ungenipeleka hata kamati. Kiti ya nyuma ni miezi sita. Nzilani alimaliza."

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, na yalikuwa yale ambayo daktari hakuyapenda. Ilikuwa saratani. Ingebidi sehemu ya ulimi ikatwe, na tezi za shingo zitolewe, na baadaye apigwe mionzi. Daktari Sauda hakuwadanganya kwa upande wowote. Alisema watu wengi wenye hali kama hii hupona na wengi hawaponi, kwamba atafundishwa kusema upya, na kwamba hatasema kama zamani. Nduku alilia. Wavinya aliuliza tu kama ataweza kumeza.

Jumapili kabla ya upasuaji, Ndolo alikwenda peke yake kanisani. Wakati wa matangazo akasimama, akaenda mbele, akasema yote. Alisema juu ya pembe ya mama mkwe na kikopo cha stoo, juu ya swali la Mulinge na jibu lake. Alisema alimhukumu Nzilani huku ugoro ukiwa nyumbani kwake mwenyewe. Aliomba atolewe uzee wa kanisa na awekwe kiti cha nyuma kwa muda uleule aliowapa wengine. Wengine walilia, mwinjilisti akamkumbatia, mama mmoja akaanzisha wimbo wa toba. Ndolo akashuka akiwa mwepesi, mwepesi kabisa, mara ya kwanza kwa miaka mingi. Nzilani peke yake hakuimba. Aliwahi kutoka, akapanda gari la Kitui kwenda kumwona mgonjwa.

Kwa hiyo Ndolo alipofika wodini kesho yake asubuhi, uso unamng'aa, habari zilikuwa zimemtangulia. Wavinya alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji. Alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Nasikia umeungama," akasema.

"Nimesema yote. Mbele ya kila mtu."

"Umeambia kanisa." Alikuwa anachagua maneno, kwa sababu kila moja lilimuuma na alijua hayakubaki mengi ya namna hiyo. "Mimi bado hujaniambia kitu."

Ule wepesi wote ulimdondoka palepale. Ilikuwa kweli. Alikuwa amewaomba msamaha watu mia tatu ambao hakuwachukulia chochote, na huyu mmoja aliyekaa mbele yake hakuwa amemwambia hata neno la pole. Alifungua mdomo. Lakini wauguzi walikuwa wamefika na kitanda cha magurudumu, mmoja anasoma jina, mwingine anauliza kama mama amekula chochote tangu jana, na Wavinya akapanda kitandani akalazwa, akasukumwa ukumbini, mlango wa kubembea ukajifunga nyuma yake. Ndolo alibaki na sentensi yake mdomoni, na ilikuwa sentensi fupi tu.

Upasuaji ulichukua saa sita. Alipomwona tena alikuwa na mshono kutoka sikioni hadi kidevuni, shingo imefura, na mrija mwembamba umeingia puani kupeleka chakula tumboni. Hakuruhusiwa kujaribu kusema. Nduku alikuwa amemnunulia daftari la shule na kalamu, na kwa siku mbili za kwanza Wavinya aliandika mambo ya lazima: maji, maumivu, funga dirisha, mbuzi amezaa?

Siku ya tatu Nduku alirudi darasani kwake, wakabaki wawili. Nesi alikuwa amemfundisha Ndolo kulisha: unachuja uji usiwe na hata kijipande, unauvuta kwa sindano kubwa isiyo na ncha, unaupitisha kwenye mrija kidogo kidogo, usiharakishe. Aliuchuja uji mara mbili. Kisha akaweka bakuli chini, akavuta kiti, akakaa karibu naye kuliko alivyokaa kwa miaka.

"Wavinya," akasema. Hakusema Mama Nduku. "Nilijua, nikanyamaza. Sikunyamaza kwa ajili yako, nilinyamaza kwa ajili yangu. Siku ile ulikuwa unaenda kujibu na mimi nikakuziba mdomo. Hata hii imekatwa, ni kama mimi nimekata. Nisamehe."

Alisema kwa Kikamba, na kwa Kikamba maneno hayo hayana mahali pa kujificha. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, naye hakuyapangusa. Alitaka jibu. Nafsi yake yote ilikuwa imeinama pale ikingoja jibu, na alijua hata katikati ya kilio chake kwamba mdomo uliopaswa kulitoa ulikuwa umeshonwa.

Wavinya alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuvuta mkono wake ambao Ndolo aliushika, wala hakuukaza. Kisha akaashiria daftari. Ndolo akampa haraka, akamshikia kwa chini lisiteleze. Aliandika neno moja, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, akageuza daftari ili alisome sawasawa.

Bado.

Mzee Ndolo alilisoma. Akalisoma tena, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka daftari mahali ambapo mkono wa mke wake ungelifikia, akachukua bakuli la uji, akavuta wa kwanza kwa sindano, na kuanza kuupitisha kwenye mrija polepole kama alivyofundishwa.